Draiva ya grafiki inaanguka kila nikiongeza monita ya tatu kwa adapta

MwandikaManukuu

Wakuu, salamu. Naomba msaada wenu, maana nimefika mahali sijui tena nichomoe nini na niache nini.

Kazi yangu ni kuandika manukuu ya video kwa ajili ya viziwi na wenye usikivu hafifu. Natumia monita mbili: moja ya inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, Hz 144, iko kwenye DisplayPort, nyingine ya inchi 24, 1920 kwa 1080, Hz 60, iko kwenye HDMI. Mashine ya mezani, Windows. Miaka miwili haijanisumbua hata siku moja.

Mwezi uliopita nikapewa monita ya zamani ya inchi 19, zile za umbo la karibu mraba, 1280 kwa 1024. Kwangu ilikuwa zawadi kubwa. Naiweka pembeni inabeba orodha ya istilahi na majina ya wasemaji, basi sihitaji tena kuifunika video kila nikitafuta neno. Kadi yangu ya grafiki ina matundu manne, HDMI moja na DisplayPort tatu. HDMI imeshakaliwa. Monita ilikuja na kebo ya VGA, kwa hiyo nikatafuta adapta ndogo ya DisplayPort kwenda VGA, nikachomeka, picha ikatokea papo hapo.

Nilifanya kazi kama dakika 40 hivi, nikatoka kidogo. Niliporudi nikagusa kipanya, skrini zikawaka, kisha zote tatu zikawa nyeusi. Si ile ya zamani peke yake, zote. Sekunde mbili tatu zikarudi, lakini programu ya manukuu ilikuwa imeshajifunga na kila nilichokuwa sijahifadhi kimekwenda. Tangu siku hiyo hunitokea mara mbili au tatu kwa siku. Mara mbili imeishia kwenye skrini ya bluu yenye maandishi VIDEO_TDR_FAILURE.

Nimeweka draiva mpya (programu inayoendesha kadi ya grafiki), nikarudi kwenye ya zamani, nikaweka tena mpya. Nimefungua kasha nikatoa vumbi. Nimepima joto la kadi, halivuki nyuzi 62. Nimehamisha adapta kwenye tundu jingine la DisplayPort. Hali ni ileile.

Jana nimepoteza manukuu ya dakika 18 za mahojiano. Ni watu wanne wanapokezana maneno kwa kasi, wengine wanazungumza kwa pamoja, na kila sentensi lazima ikae na mdomo wa aliyeisema. Kuyarudia ni usiku mzima. Rafiki yangu anasisitiza kadi imekufa ninunue nyingine. Kabla sijafanya hivyo, naomba nijue: tatizo ni kadi, ni draiva, au ni hii adapta?

FundiKebo

Pole sana mkuu, kupoteza kazi ya namna hiyo kunauma. Usinunue kadi bado. Kadi inayokufa huwa haisubiri monita ya tatu ndipo ife. Ingeanguka ukicheza video nzito, ukiwasha mchezo, hata ukiwa na monita moja. Wewe unasema miaka miwili ilikuwa salama, na siku ileile uliyochomeka kitu kipya ndiyo siku ya kwanza kuanguka. Hapo mtu huanza na kile kipya.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Tangu Windows Vista, mwaka 2007, mfumo una mlinzi anayeitwa TDR. Windows ikiipa kadi kazi na kadi ikakaa sekunde 2 bila kuitikia, mfumo unaihesabu kuwa imeganda, unaizima na kuiwasha upya pamoja na draiva yake. Ndiyo ule weusi unaouona kwenye skrini zote: monita zako zote zinalishwa na draiva moja, kwa hiyo ikianguka hakuna inayobaki. Urejeshaji ukishindikana, au ukilazimika kurudiwa zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 60, Windows inasimamisha mashine nzima kwa skrini ya bluu. Kwa hiyo TDR inakuambia kwamba kadi ilichelewa kuitikia. Kilichoichelewesha haikuambii, na hapo ndipo watu wengi hubadilisha kadi nzima.

Naomba mambo matatu. Fungua Event Viewer, kwenye kumbukumbu za System, tafuta tukio namba 4101, ambalo Windows huliandika draiva ya picha ikianguka na kurejeshwa, na uandike saa ya kila moja. Kisha fungua Device Manager, sehemu ya monita, uniambie ile ya inchi 19 imeandikwa jina gani hasa. Halafu chomoa adapta siku mbili kamili, ufanye kazi kama kawaida na monita zako mbili. Draiva usiiguse tena kwa sasa, maana ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia.

Nukta_Tatu

Mkuu, mimi nilikuwa na VIDEO_TDR_FAILURE hiyohiyo nikitengeneza picha za 3D. Dawa yangu ilikuwa kuongeza muda wa kusubiri. Unaingia regedit (programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows), HKEY_LOCAL_MACHINE, System, CurrentControlSet, Control, GraphicsDrivers, unatengeneza DWORD (thamani ya namba) yenye jina TdrDelay unaipa 10. Unawasha upya mashine. Kadi inapata sekunde 10 badala ya 2. Mimi sijaona tena ule weusi tangu hapo.

FundiKebo

Nukta_Tatu, kwa kazi yako hiyo ni dawa ya kweli. Kadi yako ilikuwa inafanya kazi nzito iliyohitaji zaidi ya sekunde 2, na ilikuwa itamaliza ikiachwa. Mwenzetu anaandika maandishi juu ya video. Hakuna kazi hapo ya kuchukua sekunde 2. Kama kadi yake imekwama ikisubiri kitu ambacho hakiji, ukimpa sekunde 10 atakaa gizani sekunde 10. Sishauri.

Kisimani

Nichangie upande mwingine kidogo. Hebu hakikisha ni adapta ya aina gani. Mimi niliongeza monita kwa adapta ya USB kwenda HDMI, ile inayoingia kwenye tundu la kawaida la USB. Hiyo si kigeuza waya tu. Kompyuta inaitengeneza picha, prosesa inaibana, inapita kwenye USB, na chipu iliyo ndani ya adapta inaikunjua upande wa pili. Kwa hiyo ina draiva yake mwenyewe inayokaa ubavuni mwa draiva ya kadi. Kwangu draiva ya adapta ilikuwa ya zamani mno, na kila Windows ilipojisasisha picha zilianza kuganda. Nilitoa draiva zote mbili nikiwa kwenye hali salama (safe mode), nikaweka kwanza ya kadi, kisha toleo jipya la ile ya adapta. Ikatulia.

Lakini kama yako inaingia kwenye DisplayPort ya kadi moja kwa moja, haya hayakuhusu.

MwandikaManukuu

Asanteni sana, nyote. Kisimani, yangu inaingia kwenye kadi moja kwa moja, haina draiva yoyote niliyoweka.

Nina jambo la kukiri kwanza. FundiKebo alipoandika kwamba hashauri TdrDelay, mimi nilikuwa nimeshaiweka usiku uleule kwa sababu nilikuwa na kazi ya kukabidhi asubuhi. Matokeo ndiyo hayo aliyosema. Skrini ziliganda, nikahesabu hadi kumi na kitu, kisha zikawa nyeusi na programu ikajifunga kama kawaida. Nimeifuta ile DWORD.

Sasa majibu. Nimekuta matukio 4101 yapatayo 9 kwa siku nne. Niliyapanga kwa saa zake pembeni ya kumbukumbu zangu za kazi, kwa sababu naandika muda ninaoanza na ninaopumzika. Hapo nikashtuka. Saba kati ya tisa yametokea ndani ya dakika moja baada ya mimi kurudi kwenye kiti. Monita zangu zimewekwa zilale baada ya dakika 10. Yaani kinachoziangusha ni kuamka! Mawili yaliyobaki, moja nakumbuka kabisa nilikuwa nasogeza meza, na jingine sijui.

Jina la monita: zile mbili zimeandikwa modeli zake. Ya inchi 19 haina modeli, ipo kama monita ya jumla tu isiyojulikana. Na kuna siku inaamka ikiwa na 1024 kwa 768, maandishi yamevutika kwa upana, mpaka nirekebishe kwa mkono.

Siku mbili bila adapta: hakuna kilichoanguka. Hata kimoja. Nimeacha monita zilale na kuziamsha makusudi zaidi ya mara 20.

FundiKebo

Kazi nzuri sana hiyo ya kupanga saa. Umelikamata tatizo mwenyewe, mimi nimebaki kueleza tu.

DisplayPort hutuma picha kwa tarakimu, kwa vifurushi. VGA, ambayo ni ya mwaka 1987, hutaka mkondo wa umeme unaopanda na kushuka. Havina lugha moja. Kwa hiyo kila adapta ya DisplayPort kwenda VGA, hata iwe ndogo kama kidole, ina chipu ndani inayotafsiri, na chipu hiyo inakula umeme kutoka kwenye tundu lenyewe, pini ya 20, volti 3.3. Haina chanzo kingine.

Monita ikilala na kuamka, adapta inaiarifu kadi kwamba kuna kitu kimechomekwa. Kadi na adapta zinaanza kupimana: njia ngapi zitumike, kasi gani, nguvu ya mawimbi kiasi gani. Kisha kadi inaomba EDID. Hicho ni kitambulisho cha monita, msingi wake ni baiti 128 tu, ndimo mnaandikwa jina, modeli na vipimo vya picha inavyokubali. Kwa VGA kitambulisho hicho lazima kipite kwenye nyaya mbili nyembamba za kebo hadi kwenye adapta, na adapta ndiyo iikabidhi kadi.

Monita isiyo na jina na inayoangukia 1024 kwa 768 ni monita ambayo kitambulisho chake hakikufika. Ama adapta ni dhaifu, ama kebo ya VGA ina pini iliyokatika au waya uliolegea. Lile tukio la kusogeza meza linanifanya niwaze vyote viwili. Sasa piga picha: kadi inaamka, inaanza kupanga monita tatu kwa pamoja, moja Hz 144, nyingine Hz 60, na ya tatu inasema nipo, kisha sipo, kisha nipo, na ikiulizwa jina hainyanyui mdomo. Kila ikionekana na kupotea, draiva inavunja mpangilio wote na kuupanga upya. Draiva nzuri ingevumilia. Yako inakwama katikati, sekunde 2 zinapita, TDR inaiangusha.

Sasa usinunue adapta nyingine. Nenda nyuma ya monita uniambie. Ile ya inchi 19, mbali na VGA ya bluu, haina tundu pana zaidi, mara nyingi jeupe, lenye vitundu vingi na ufa mmoja bapa pembeni? Na ile ya inchi 24, haina DisplayPort ambayo hujawahi kuitumia?

MwandikaManukuu

Lipo! Nyuma ya ile ya inchi 19 kuna tundu jeupe, limeandikwa DVI-D, bado lina kofia yake ya plastiki. Sikuwahi kulijali kwa sababu kebo niliyopewa ilikuwa ya VGA. Na ya inchi 24 ina DisplayPort kweli, chini kabisa karibu na umeme.

FundiKebo

Basi huhitaji adapta hata moja.

HDMI na DVI-D ni ndugu wa damu. DVI ilitoka 1999, HDMI ikajengwa juu yake, na mawimbi ya picha ni yaleyale. Kebo yenye HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili haina chipu ndani, ni nyaya zilizounganishwa pini kwa pini. Haitafsiri kitu, haili umeme, na kitambulisho cha monita kinapita moja kwa moja. Sauti haipiti kwenye DVI, lakini wewe unataka orodha ya maneno. Uwezo nao unatosha: njia moja ya DVI inafika MHz 165, na 1280 kwa 1024 kwa Hz 60 inahitaji 108.

Fanya hivi. Inchi 24 itoe kwenye HDMI, iunganishe kwa kebo ya DisplayPort kwenda DisplayPort. HDMI ya kadi sasa ni wazi. Hapo weka kebo ya HDMI kwenda DVI hadi kwenye ile ya zamani. Zima mashine kabisa kabla ya kuhamisha. Kwa kuwa umebadilisha draiva mara tatu, na mara mbili ilianguka vibaya, ningeisafisha pia: ingia hali salama, iondoe kwa DDU (programu ya kufuta draiva za picha kabisa), washa kawaida, weka toleo moja lililotulia kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Ila uisafishe baadaye, monita zikiwa zimeshakaa siku chache. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Nukta_Tatu

Nimejifunza. Ila nauliza, FundiKebo: mbona nimesoma kwamba zipo adapta za DisplayPort zisizo na chipu? Na kwamba ukiwa na monita ya tatu lazima utafute yenye chipu?

FundiKebo

Zipo, lakini ni za kwenda HDMI au DVI. Tundu la DisplayPort lenye alama ya ++ linaweza kuacha lugha yake na kutoa mawimbi ya HDMI lenyewe. Adapta hapo inabadilisha umbo la plagi na volti tu. Kwenda VGA haiwezekani.

Hilo la monita ya tatu lina historia yake. Kadi nyingi za miaka ya 2009 na kuendelea kidogo zilikuwa na saa mbili tu (clock, yaani sakiti za kutoa mdundo) za kuendesha mawimbi ya aina ya HDMI, DVI na VGA. Ukiweka monita ya tatu kwa adapta isiyo na chipu, hakuna saa ya kuipa, inabaki giza. Tofauti ya kuizingatia ni kwamba hapo monita ya tatu haiwaki tangu mwanzo. Draiva haianguki. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema monita haiwaki, na mwingine anasema draiva inaanguka, usiwape jibu moja.

MwandikaManukuu

Nimerudi. Leo ni siku ya 11.

Kebo mbili tu, kama alivyoelekeza. Ile ya inchi 19 imepata jina lake kwenye Device Manager, modeli kamili, na inaamka na 1280 kwa 1024 kila mara. Tukio 4101: sifuri kwa siku 11, ukiacha jaribio nililolifanya makusudi siku ya saba. Draiva niliisafisha siku ya nne.

Siku ya saba nilitaka kuwa na uhakika, kwa sababu rafiki yangu bado alikuwa anasema kadi inakufa na hii ni nafuu ya muda. Nikahifadhi kila kitu, nikaitoa kebo ya DVI, nikarudisha adapta na VGA. Nikaacha monita zilale, nikaziamsha. Mara ya kwanza sawa. Ya pili sawa, ila jina limepotea. Ya tatu, weusi, skrini zote. Nikabadilisha kebo ya VGA nikaweka nyingine nzima niliyoazima. Ya tano, weusi tena. Kwa hiyo si kebo, ni adapta. Draiva ilikuwa hii hii safi, kadi ni hii hii. Nikarudisha DVI na haijaanguka tena.

Yale mahojiano nimeyamaliza juzi. Wasemaji wanne, kila mmoja na jina lake kwenye skrini ya pembeni, sikulazimika kufunika video hata mara moja. FundiKebo, sina neno kubwa la kukupa zaidi ya asante. Ungeniambia ninunue kadi ningenunua.

Pia nimeweka programu ijihifadhi kila dakika 2. Ilikuwa 15.

Kisimani

Hongera! Sasa nami nifuatishe: kompyuta mpakato yangu mpya nina monita ya 4K kwenye kituo cha USB-C (docking station). Haianguki, lakini inakataa kuvuka Hz 30. Ni draiva?

FundiKebo

Sidhani. Picha ya 4K kwa Hz 60, rangi za biti 24, inataka karibu gigabiti 12 kwa sekunde na zaidi kidogo. USB-C ina njia nne za kasi. Vituo vingi huchukua mbili kwa ajili ya USB 3 na kuiachia picha mbili, na kwa DisplayPort 1.2 njia mbili zinabeba gigabiti 8.64 tu. Hapo inashuka Hz 30 yenyewe. Jaribu kebo ya USB-C kwenda DisplayPort bila kituo, kutoka tundu lilelile, uone kama 60 itatokea kwenye orodha. Ikitokea, kasoro iko kwenye mgawo wa kituo. Isipotokea, andika hapa modeli ya kompyuta na ya monita, na useme kebo ina urefu gani.